Chipu Isiyoomba Ruhusa

1

Mashine ya maji ya Ngasonde ilikuwa haiamki vizuri. Jumatatu iliita diski, ikanguruma, ikanyamaza, ikaita tena, na mashahidi waliokuja kutazama wakaanza kuulizana kwa macho. Jumanne ikawa vilevile, na zaidi. Jumatano jua lilikuwa limeshapanda juu ya Milima ya Upare ndipo malango ya mifereji yalipofunguka, na Mzee Elinami Kiangi, mwenyekiti wa kamati ya maji, akatuma mtu akamwite Nakijwa.

Alimwita kwa kuwa hakuwa na fundi mwingine wa kumwita. Wawili hao walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Kila mkutano wa maji ulipofika kwenye mengineyo, mwanamke huyo wa kitongoji cha Chini alisimama, akakaza kanga kiunoni, akauliza swali lile lile: kitongoji chetu kinapewa nusu zamu, mwanzoni tulikuwa na zamu nzima, nani ameikata? Na kila mara mwenyekiti alijibu kwa upole ule unaoudhi kuliko tusi. Lete ushahidi, mama.

Ushahidi ulikuwa ukutani, umetundikwa mbele ya macho ya kila mtu. Tatizo ni kwamba haukusomeka.

Wadogo hawakuyaona mambo haya na wakubwa wanajifanya wameyasahau, kwa hiyo acha yaelezwe. Kulikuwa na zama ambapo kila mashine nchini, kuanzia pampu ya kisima hadi jiko la mgahawa, ilitiwa akili, na akili hiyo ikawekewa mlezi. Kampuni yenyewe ilijiita hivyo, Mlezi. Kila asubuhi mashine ilimwomba Mlezi ruhusa ya kuamka, na Mlezi, huko mbali aliko, akasema ndiyo. Alisema ndiyo kwa muda mrefu hata watu wakasahau kuwa palikuwa na swali. Kisha Ngasonde ikakataa kuuza bwawa lake, na asubuhi moja Mlezi akasema hapana. Pampu, betri, simu, vinu vya kusaga, hata taa ya chumba cha kujifungulia pale zahanati, vyote vikalala. Huo ndio mwaka wa Kufungwa. Mtoto wa kwanza wa Nakijwa alizaliwa gizani mwaka huo, na hakuishi. Jambo hilo hakulisema mikutanoni. Alikuwa nalo tu, kama mtu alivyo na jino bovu.

Mji uliokolewa na kizee cha kompyuta kilichokuwa katika ofisi ya mizani ya shamba la mkonge, juu yake kimewekwa chungu cha maua. Kilitengenezwa kabla ya Mlezi kuzaliwa, wakati mashine zilikuwa hazijui kuongea na mtu wa mbali. Kilijua jambo moja: ukikipa umeme kinatafuta diski, kikiipata kinasoma, kikisoma kinatenda. Hakimwulizi mtu. Karani wa mizani, marehemu Sekiete, akakiandikia programu ya kugawa maji kama wazee wa milimani walivyogawana maji ya ndiva: bwawa linajaa usiku, linafunguliwa asubuhi, na kila upande unapata zamu yake, mwenye nguvu asimpite mnyonge. Alichoongeza yeye ni malango yanayofunguka kwa umeme.

Betri zote zilikuwa za Mlezi, zimekufa na akili zao. Kilichobaki ni paneli za jua, ambazo bahati nzuri hazikuwahi kutiwa akili. Basi jua likizama kompyuta ilizimika na kusahau kila kitu, na asubuhi ilibidi isomeshwe upya kutoka kwenye diski. Kazi hiyo ilifanywa mbele ya shahidi mmoja wa kila kitongoji: Mlimani, Stesheni, Mkongeni na Chini. Iliitwa Kuamsha, na hakuna aliyeifanyia mzaha.

Diski ya kwanza ya Sekiete ilikuwa ndani ya fremu ya kioo juu ya mashine. Mraba mweusi, mwembamba, upana wa kisahani. Pembeni diski hizo zina pengo dogo. Likiwa wazi mashine inaweza kuandika, likizibwa inasoma tu. Sekiete alikuwa ameliziba kwa utepe wa rangi ya fedha, na chini ya fremu waasisi wakaandika kwa rangi nyekundu: ATAKAYELIFUNGUA PENGO HILI ASIIGUSE MASHINE TENA. Watu waliapa kwa diski hiyo. Wachumba walipelekwa kupigwa picha mbele yake.

Haikusomeka kwa sababu ya chipu. Diski yenyewe ni kipande cha plastiki kilichopakwa kutu, na kompyuta haijui kuishika. Katikati yao kuna chipu moja ya miguu arobaini, nayo ndiyo msimamizi. Inakiambia kichwa cha kusomea: sogea hadi njia ile, tulia, kipande hiki sicho, kinachokuja ndicho, haya soma. Mbele ya kila kipande pana alama, mfano wa hodi mlangoni. Chipu ya kwanza, ile aliyoikuta Sekiete, ilijua hodi za aina nne, na ile njia yenye orodha ya yaliyomo iliiwekea hodi ya peke yake. Radi ikaiua. Iliyoletwa badala yake ilikuwa mdogo wake, toleo la baadaye, lililosifiwa kwa kubana maandishi mara mbili mahali palepale. Lakini lilijua hodi za aina mbili tu. Lilipofika kwenye orodha ya Sekiete lilisikia mlango unaobishwa kwa namna ngeni, likapita, likatoa jibu: hapana kitu.

Sekiete alikuwa ameshakufa. Mzee Kiangi, aliyekuwa msaidizi wake, akaandika programu upya kwenye diski nyingine, kwa maandishi ya kubana. Kwa kumbukumbu, alisema. Mwaka huo huo ndipo walipofika watu wa pwani, bahari ilipomeza viwanja vyao, wakapewa uwanda wa Mahameni na lango lao la tano, lenye nusu zamu. Kiangi aliuambia mji kuwa maji ya wageni yamepatikana kwa kuziba mivujo ya bwawa. Watu wakapiga makofi.

Nakijwa hakupiga. Alijifunza. Hakupita chuo, alisoma kwa kufungua vitu vilivyokufa na kuuliza kilichoviua. Aliijua hiyo chipu ya hodi nne kabla hajaiona kwa macho, na alipoikuta katika mashine ya kudarizi, kwenye lundo la vyuma chakavu kule Hedaru, alitoa paneli ya paa lake mwenyewe kuipata. Aliifunga kwenye karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara na kungoja. Sheria ilikataza mtu kuifungua mashine bila agizo la kamati.

Sasa agizo lilikuwa limekuja lenyewe, limevaa koti na kofia.

Alimweleza mwenyekiti kuwa chipu iliyomo inakufa, na kwamba anayo moja tu ya kuweka, nayo si pacha wa hii, ni kaka yake. Mzee Kiangi akauliza itachukua muda gani. Nakijwa akamwambia alasiri moja, malango yakishafungwa na jua likiwa bado lipo. Mzee akasema sawa, fanya, akaenda zake kunywa chai. Hakuuliza kaka anatofautianaje na mdogo. Watu wa kamati hawakuzoea kuuliza mafundi swali la pili.

2

Soketi ya chipu ilikuwa imelegea kama jino la mtoto. Ndiyo sehemu ya ugonjwa. Nakijwa aliing'oa yote. Aliichomelea chipu ya zamani moja kwa moja kwenye bodi, mguu kwa mguu, kwa pasi ya kuchomelea aliyoipasha kwenye jiko la mkaa, akipuliza moshi wa risasi usimwingie machoni. Ile iliyokufa ilivunjika miguu wakati wa kutoka. Aliiweka kando kwa heshima. Ilifanya kazi yake.

Kisha akapanda kigoda, akaifungua fremu. Kusoma hakukukatazwa. Kilichokatazwa ni kufungua pengo.

Diski ikaingia. Injini ikaizungusha, kichwa kikagonga ukuta wake kwa ile sauti ya kukwaruza inayowatisha wasiozoea, kikahesabu njia, kikafika kwenye orodha. Chipu ilisikia hodi yake. Kwenye kioo cha kijani yakatokea maneno ambayo hayakuwa yamesomwa tangu radi.

Alikuwa ameandaa kicheko kwa saa hiyo. Kicheko hakikuja, kwa sababu alianza kusoma.

Sekiete aliandika kama karani wa mizani: kidogo na sawasawa. Mstari wa juu ulisema vitongoji ni vinne. Uliofuata ulichukua urefu wa mchana, tangu kufungua hadi kufunga, ukaugawa kwa idadi hiyo. Uliofuata uliyafungua malango, moja baada ya jingine, kila moja muda ule ule. Basi. Chini ilikuwa na zamu nzima sawa na Mlimani. Yote aliyoyapigia kelele yalikuwa kweli.

Na mchana wote ulikuwa umekwisha kwenye hizo zamu nne. Hakukuwa na dakika iliyobaki.

Hapo ndipo kidole chake kilipotulia juu ya kioo. Mivujo ingeongeza maji; isingeongeza mchana. Zamu ya Mahameni ilitoka wapi? Nusu ilipungua Chini, nusu ikatokea Mahameni. Hesabu ya darasa la pili, na yeye, mwenye kumbukumbu ya kila neno lililosemwa kila mkutano, hakuwa ameifanya. Miaka yote aliukazia macho Mlimani, kwenye bustani za kabichi za wakubwa, akitafuta nusu yake. Hakuwahi kugeuka kutazama upande wa wenye kiu kama yeye.

Kiangi hakuwa ameiba kwa tumbo lake. Alikuwa amefanya ukarimu kwa mfuko wa maskini mmoja kumpa maskini mwingine, akapigiwa makofi, na Mlimani haikupungukiwa hata kikombe.

Na asubuhi ingekuja. Chipu ya kaka haikujua maandishi ya kubana. Diski ya Kiangi ingekuwa kwake kelele tupu. Kwa hiyo mashine ingeamka kwa diski ya waasisi au isiamke. Ikiamka kwa diski hiyo kama ilivyo, Chini wangepata zamu yao nzima, kwa haki isiyobishika, yenye utepe wa Sekiete mwenyewe. Lango la tano lisingefunguka kabisa.

Ingetosha kubadili nne kuwa tano. Tarakimu moja. Lakini chipu isingekubali kuandika pengo likiwa limezibwa, na diski tupu mji haukuwa nayo hata moja. Angebandua utepe. Na nguvu yote ya diski hiyo ilikuwa kwamba hakuna mkono ulioigusa. Ukishaigusa mkono wa Nakijwa, ni maneno ya Nakijwa, na hayo mji ulishayachoka. Mbali na hilo kulikuwa na ile rangi nyekundu chini ya fremu. Asiiguse mashine tena. Kwa mwingine yeyote ni adhabu ndogo. Yeye hakuwa na kitu kingine duniani alichokijua kwa vidole vyake kama ile mashine.

Alirudisha diski kwenye fremu, akafunga mlango, akashuka Mahameni.

3

Bi Mwanamkasi alikuwa barazani akisuka mkeka kwa nyuzi za katani, maana miyaa huku bara haipatikani, na alikuwa akiilaani katani kila ilipomchoma. Watu wa Mahameni walimfuata yeye kwa kila shauri. Hakuwa mwenyekiti wa chochote. Sheria ya Kuamsha ilitaja vitongoji vinne, na wao hawakuwa na shahidi. Alimkaribisha Nakijwa mkekani, akaagiza maji ya kunywa, na Nakijwa akakitazama kikombe kile muda mrefu kabla ya kukigusa.

Alimweleza yote, bila kupunguza. Nusu zamu, mivujo ya uongo, chipu, diski, asubuhi. Bi Mwanamkasi alisikiliza huku anasuka. Mkono haukusimama ila mara moja, pale aliposikia kuwa maji waliyokunywa tangu kufika yalikuwa ya jirani zao wa Chini.

"Ndiyo maana wanawake wenu hawatuitikii salamu," alisema.

"Hawajui. Nami nilikuwa sijui."

"Mwili unajua, mwanangu. Mtu akinywea kikombe chako unamchukia kabla hujajua sababu." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Sisi tuliambiwa ni maji ya mji. Tukashukuru. Tumeshukuru mpaka magoti yameota sugu, na tuliyemshukuru siye aliyetoa."

Nakijwa akasema hakuja kudai shukrani. Alikuja kwa sababu kesho lango lao linaweza kubaki limefungwa, na aliona vibaya wakutwe na ndoo mkononi bila kujua.

"Linaweza," Bi Mwanamkasi alirudia. "Nani wa kulifungua?"

"Mimi naweza. Nikiubandua utepe."

"Na ukiubandua?"

"Natolewa kwenye mashine. Na watu wangu wananiona msaliti. Nimewaahidi zamu nzima tangu wengine wao hawajaota meno."

Bi Mwanamkasi akacheka kidogo, kicheko cha puani. Akamwuliza kama amekuja kuomba ruhusa ya kuwanyima maji, au amekuja aambiwe asiwanyime, maana kwa vyovyote vile anataka mwingine abebe mzigo. Nakijwa alikuwa amezoea kuwa yeye ndiye anayewabana watu hivyo.

"Nisikilize," bibi akasema, na safari hii aliuweka mkeka chini. "Sitakuomba. Niliomba bandarini, niliomba stesheni, nikamwomba huyo Kiangi wenu. Kesho wewe weka diski yako kama ilivyo, ni haki yenu, nami nitawaambia watu wangu ni haki yenu. Tumeshaanza na ndoo tupu mara nyingi. Ila usije ukaniambia baadaye kwamba hukuwa na njia. Hilo tu. Wale wa Mlezi walisema hivyo hivyo, si ndiyo? Mashine imekataa, sisi tufanyeje."

Nakijwa alikunywa yale maji yote, kwa sababu kuyaacha kungekuwa tusi. Kisha akaaga.

4

Asubuhi chumba cha mashine kilijaa hadi kizingitini. Habari zilikuwa zimetangulia. Ngasonde haina siri inayofika jioni ikiwa bado siri. Shahidi wa Chini alikuwa Senzota, shemeji yake Nakijwa, mtu wa sauti kubwa na meno machache, aliyekuja na shati la sikukuu. Bi Mwanamkasi alisimama nje ya mlango, mahali pa wasio na shahidi.

Mzee Kiangi alitoa diski yake, akaipangusa kwa leso, akaitia. Mashine ikanguruma, ikakwaruza, ikajibu kwa kijani kuwa haielewi. Akarudia. Nakijwa akamweleza, mbele ya wote, kwa nini haitaelewa kamwe. Hodi nne, hodi mbili, maandishi ya kubana. Kisha akaishusha ile ya kwenye fremu na kuitia, na orodha ya Sekiete ikajitandaza kwenye kioo.

Mzee mmoja wa Mkongeni alivua kofia. Nakijwa akausoma mstari wa juu kwa sauti, akausoma wa pili, na alipofika kwenye zamu nne zilizo sawa Senzota alipiga goti lake kofi.

"Soma tena hapo, shemeji," alisema. "Mzee hakusikia vizuri. Ana nta masikioni ya miaka mingi."

Watu wakacheka, hata wa Stesheni. Nakijwa alikuwa akimwangalia Kiangi. Alitegemea uso uvunjike. Haukuvunjika. Mzee alisimama akitafakari, kisha akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyepewa bei nzuri kuliko alivyotarajia.

Akatangaza kuwa kamati haiwezi kushindana na waasisi. Kumbukumbu yake ya uzee huenda ilikosea, na anaomba radhi kwa watu wa Chini. Programu ya Sekiete ianze leo hii. Shahidi wa Mlimani akaunga mkono haraka, wa Stesheni naye, na wepesi huo ndio uliomwambia Nakijwa kila kitu. Hakuna lango lao lililopungukiwa. Kabichi zingekunywa kama zilivyokunywa jana. Deni la Chini lingelipwa lote na Mahameni, na sheria yenyewe ndiyo ingelipisha, bila mtu wa kulaumiwa.

"Na lango la tano?" akauliza.

"Waasisi hawakuwajua hao," Mzee Kiangi akajibu. "Tutaona namna. Mkutano ujao."

"Mwaka ule uliwapa maji kwa siku moja, bila mkutano. Uliyatoa kwetu. Kwa nini hukuyatoa kwa wote?"

Mzee aliwatazama watu wake, akaona hapana pa kupita, akasema kweli, bila kupandisha sauti. "Watu walikuwa mlangoni na watoto mgongoni. Ningeigusa Mlimani wangeniondoa jioni ile, na ambaye angekuja baada yangu asingewapa hata kikombe. Nikakata pasipo na kelele. Sikujua kuwa pale pasipo na kelele ulikuwepo wewe."

"Kwa hiyo tulikuwa wa kukatwa."

"Mtu wa kukatwa huwapo siku zote, mama. Leo ni wao. Weka diski yako, umeshinda."

Senzota alimgusa kiwiko. Weka, shemeji. Nyuma yake watu wa Chini walikuwa wakisema weka, weka, kwa sauti ya chini kama ya dua, na wengine walikuwa na ndoo. Nakijwa aliwajua wote. Alijua kisima cha nani kilikauka lini na nani alimwuza mbuzi wa mahari kununua maji. Mlangoni Bi Mwanamkasi hakuomba kitu, kama alivyoahidi.

Akaitoa diski kwenye mdomo wa mashine. Akaigeuza pembeni. Utepe wa Sekiete ulikuwa mkavu, ukabanduka kwa kucha moja.

Sauti iliyotoka chumbani haikuwa kelele. Ilikuwa kama watu wote wamevuta pumzi ya mtu mmoja. Nakijwa akairudisha diski, akafuta nne, akaandika tano, akaamuru iandikwe. Chipu haikumwuliza yeye ni nani wala ametumwa na nani. Ilikisogeza kichwa hadi njia yake, ikangoja kipande chake kifike, ikaandika. Akaubandika utepe mahali pake, akaulainisha kwa dole gumba, akaamsha.

Mashine iliamka mara moja, safi, kama ambavyo haikuwa imeamka wiki nzima. Huko nje lango la Mlimani likafunguka kwa kishindo chake.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Shahidi wa Mlimani alisema huo ni uhalifu. Wa Stesheni alitaka diski itolewe. Lakini aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Senzota.

"Tulikutuma zamu nzima," alisema. "Nzima, Nakijwa. Ilikuwa mkononi."

"Mtapata kubwa kuliko ya jana."

"Ndogo kuliko ya haki yetu."

Alisema kweli, na Nakijwa hakumbishia. Akamwambia tu kuwa Mlimani nao leo wanapata ndogo kuliko ya jana, kwa mara ya kwanza, na kama hilo halimfurahishi hata kidogo basi asubuhi hii imeharibika bure. Senzota hakucheka. Alichukua ndoo yake akatoka bila kuaga, na hakumwamkia shemeji yake kwa muda mrefu baada ya hapo.

Mzee Kiangi aliinua mkono hadi pakatulia. Akaonyesha maandishi mekundu chini ya fremu. Hakuna mkutano unaohitajika hapa, alisema, sheria iko wazi: Nakijwa asiiguse mashine tena, asiingie chumba hiki tena, kuanzia sasa. Mashahidi wakaitika, wanne wote. Wa Chini, aliyekwisha kutoka, aliitikiwa na jirani yake. Na kesho asubuhi, mzee akaendelea, kamati itarudisha diski aliyoiandika yeye, iliyozoeleka, mambo haya yaishe.

Nakijwa alikuwa ameshaanza kukusanya vifaa vyake: pasi, koleo, kile kipande cha karatasi ya sigara.

"Hiyo haisomeki na chipu hii, mzee. Nilikueleza. Na atakayerudisha nne kwenye hii ya Sekiete, naye itabidi abandue utepe."

"Basi chipu itatolewa, iwekwe ya kubana."

"Iliyokuwepo imevunjika miguu. Mkiipata nyingine, sawa. Ila soketi haipo. Hii nimeichomelea kwenye bodi, miguu arobaini, na bodi ni nzee. Asiyeijua akiivuta ataing'oa na njia zake zote, mtakosa maji kabisa. Inamtaka mtu anayeijua."

Mzee Kiangi alifungua kinywa amtaje mtu huyo. Akakifunga.

Kisha akauliza, kwa sauti iliyopungua nusu, kama kungekuwa na namna. Nakijwa akamwambia ipo. Sheria iliyomfukuza haiwezi kuondolewa na kamati. Ni ya waasisi, inahitaji mkutano wa mji mzima. Waitishe. Kila kitongoji kinachokunywa kilete shahidi wake. Na yeye atakuwepo, maana amefukuzwa chumbani, hajafukuzwa mkutanoni, na ana maneno.

Akatoka. Bi Mwanamkasi alimpisha mlangoni bila kumshukuru, na hilo Nakijwa aliliona ni adabu kubwa.

Aliketi kwenye ukingo wa mfereji mkuu, pasi bado ina joto ndani ya kikapu chake, akasikiliza malango yakipokezana kadiri mchana ulivyosogea. Mlimani likafunga, mapema kuliko mazoea, na huko juu mtu akatukana. Stesheni. Mkongeni. Lilipofunguka la Chini alisikia ndoo zikigongana, na hakuna aliyeliita jina lake. Halafu nalo likafunga, na kwa muda mfupi mfereji wote ulikuwa kimya, kama mashine inapongoja kipande chake kifike chini ya kichwa.

Lango la tano likafunguka.